Mkono Usiosikia Joto

Nimechoka. Nianze na hilo, ili anayetaka hadithi ya kuchangamsha aende kwingine mapema. Kitambulisho kinasema nina miaka sitini na mmoja. Magoti yangu yanasema zaidi, na magoti hayajawahi kunidanganya.

Naitwa Mwanakombo. Kwetu ni upande wa Ziwani, kwenye korosho na mihogo, mahali ambapo watu wa mjini Mtwara wakiulizwa hunyoosha kidevu tu na kusema "kule mashambani." Tangu sijaolewa, wanawake wa kitongoji chetu wananiletea watoto wao niwashike. Si uganga, na sijawahi kumwomba mtu hata yai. Mama yangu alikuwa na mkono huo, nami nikaurithi, ndivyo walivyosema. Mtoto akiamka mnyonge, mama yake hafungi safari ya zahanati kabla hajapita kwangu. Naweka kiganja kwenye paji la uso, nakishusha kifuani, namalizia na nyayo. Nikisema ana homa, mama anakwenda. Nikisema hajambo, anarudi kuokota korosho zake. Zahanati ni mwendo wa saa moja na nusu kwa mguu, na foleni yake inameza siku nzima, kwa hiyo msimu wa korosho mkono wangu ulishukuriwa sana.

Jina la zahanati nitaliacha, watu wasije wakasema nimemsema mtu. Ina nesi anaitwa Veronika, mtu wa Songea, Mkristo, mwanamke mwembamba anayesema polepole hata akikasirika. Mwezi wa kumi mwenzake alikwenda likizo ya uzazi, akabaki peke yake na wagonjwa wote, na kipimajoto kimoja kinachofanya kazi. Vile vingine viwili betri zilikuwa zimekufa, na barua ya kuomba betri ilikuwa imekwenda mahali ambako barua huenda.

Akanifuata nyumbani kwa miguu, jioni, viatu mkononi.

"Bibi, nakuomba jambo. Uje unikalie barazani asubuhi. Wanawake wote wanakuamini, hata mie nimeona, ukisema homa huwa ni homa. Wewe washike watoto. Wenye joto wakalishe benchi la mbele, wasio na joto benchi la nyuma. Nitawapima wote mwenyewe, lakini nitaanza na wako wa mbele. Vinginevyo mmoja atanifia kwenye foleni."

Nikakubali. Akanipa kiti cha plastiki na kizibao cha kijani. Siku ya pili tu wanawake walishaniita Daktari Kiganja, na Daktari Kiganja akacheka, akakaa wima zaidi kwenye kiti chake. Nilipenda. Kwa nini niseme uongo? Mwanamke aliyebangua korosho za watu maisha yake yote akipewa kiti, anapenda.

Tatizo ni kwamba mkono wenyewe ulikuwa umekufa, na mimi nilijua.

Asiyejua kazi ya kubangua nimweleze kidogo. Korosho ikishachomwa, unaivunja ganda kwa kigongo, moja moja, na ndani ya ganda kuna mafuta meusi yanayounguza. Tunapaka majivu mikononi, tunapaka mafuta ya nazi, lakini yale meusi hupata njia. Ngozi inababuka, inaota nyingine, inababuka tena. Miaka thelathini na kitu. Siku ya kusajili laini ya simu kwa alama za vidole, yule dada wa mashine alinibonyeza vidole vyote kumi mpaka akatoka jasho, kisha akaniuliza kwa upole kama nina mtoto mkubwa anayeweza kusajili kwa niaba yangu. Tulicheka wote wawili. Alama zilikuwa zimefutika, viganja vyeupe, vigumu, vinang'aa.

Hilo sikulijali. Nilichojali ni siku nilipoipua sufuria ya ubwabwa kwa mikono mitupu, nikiwa nabishana na mwanangu Nassoro habari za wavu wake. Niliibeba kutoka mafigani hadi mkekani. Nassoro akanyamaza katikati ya neno, akaniangalia vidole. Vilikuwa vimeanza kuvimba malengelenge na mimi sikusikia kitu. Nikamwambia nimezoea moto, wanaume hawajui jikoni. Huo ulikuwa msimu wa mwaka juzi.

Tangu hapo nikawa nawashika watoto na kusikia kama nimeshika ubao. Ungedhani ningesema. Sikusema. Nilikuwa mjane, sina shamba la maana, sina elimu, sijahiji. Nina mkono. Ningesema mkono umekufa, nani angekuja tena uwanjani kwangu kunisalimu?

Basi nikabuni njia. Naweka kiganja kwenye paji la uso, nafumba macho kama mtu anayesikiliza, huku nauliza. Kala? Kalala? Katapika? Mama akisema, "Bibi we, usiku kucha kawaka kama jiko," nami nasema, "Ana homa huyu, tena kali." Mama akisema, "Hata sijui, naona mnyonge tu," nami namtazama mtoto midomo, namtazama macho, nasema hajambo. Nilikuwa nawarudishia maneno yao wenyewe, na wao wananishukuru. Mwenye kusema sana mwanawe alikaa benchi la mbele. Mnyamavu alikaa nyuma. Mara nyingi nilipatia, maana mama mzazi huwa anajua, na hapo nikajidanganya kwamba hakuna aliyedhurika.

Sasa Husna ni mnyamavu.

Husna ni mke wa Nassoro, binti wa Msimbati. Ameingia nyumbani kwangu mwaka jana na tangu aingie sidhani kama amesema maneno yanayojaza ndoo. Nilimwona ana dharau, kisha nikamwona ana woga, kisha nikamzoea. Mwishoni mwa mwezi wa tisa alimzaa Asha, mjukuu wangu wa kwanza. Nassoro alikaa naye wiki mbili, akarudi kwenye kambi ya wavuvi huko Mnazi Bay.

Jumanne hiyo, katikati ya mwezi wa kumi na moja, nilitoka alfajiri baada ya swala kuwahi barazani. Husna alikuwa bado chumbani. Sikugonga. Saa tatu, mabenchi yote mawili yamejaa na wengine wamekaa chini, nikamwona anakuja peke yake njiani, mtoto kambeba kifuani, kanga imemfunika hadi usoni. Alikaa kwenye mstari kama watu wengine. Zamu yake ilipofika akapiga goti mbele ya kiti changu.

"Shikamoo, Mama. Mshike Asha."

"Marahaba. Ana nini?"

"Sijui, Mama. Naona tu hayuko sawa."

Nikamfunua. Wiki sita mtoto ana nini cha kuonyesha? Hana midomo iliyokauka, hana cha kusimulia, uso wake ni uso tu. Nikaweka kiganja kwenye paji. Ubao. Nikashuka kifuani. Ubao. Nikamwangalia Husna nikingoja aongeze neno, hata moja la kunisaidia. Akainamisha kichwa.

Na wanawake walikuwa wananitazama. Wiki iliyopita kulikuwa na maneno kwamba Daktari Kiganja anapeleka mbele watu wa kitongoji chake na kuwaacha wa vitongoji vingine. Maneno hayo yaliniuma, tena kwa sababu yalikuwa na ukweli kidogo. Leo mjukuu wangu mwenyewe yuko mkononi na wote wanasubiri waone.

"Hana joto," nikasema kwa sauti ya kusikika. "Kaa nyuma, mwanangu. Usingizi tu huo."

Husna akaitika, akaenda nyuma. Mwanamke mmoja akasema, "Huyu bibi ana haki, jamani." Nami nikafurahi. Nakumbuka vizuri kwamba nilifurahi.

Saa nne ikapita. Jua likaingia barazani, watoto wakalia kwa zamu. Mimi nilishika, niliuliza, nilitenga, huku jicho moja likienda benchi la nyuma lenyewe bila kutumwa. Husna alitoa titi, akamwekea mtoto mdomoni. Mtoto hakushika. Akabadilisha upande. Hakushika. Alifanya hivyo mara ya tatu, mara ya nne, kimya, bila kumwambia hata jirani yake. Nimezaa watoto sita na nimezika wawili, na mtoto wa wiki sita anayelikataa titi asubuhi nzima sihitaji mkono kumjua.

Nikainuka nikijifanya naenda kunywa maji. Nilipofika kwake nikamwinamia mtoto kama bibi anayembusu mjukuu, nikamwekea shavu langu kwenye paji la uso. Shavu langu halijawahi kubangua korosho. Joto likanipiga kama nimefunua sufuria.

Nisimame hapa kidogo niseme ukweli wote, maana nusu yake haina faida. Wakati ule ningeweza kusema. Nilikuwa nimeshajua kila kitu: mtoto anaungua, mkono wangu umemweka nyuma, na kwenye benchi lile lile la nyuma kuna wengine niliowaweka kwa mkono huo huo. Lakini nilichofanya ni kumnyakua Asha, kupita katikati ya watu, na kusukuma mlango wa Veronika.

"Nesi, huyu joto limempanda sasa hivi! Ghafla!"

Veronika hakuuliza. Alimlaza mtoto kitandani, akamfungua kanga, akamsubiri apoe kidogo, akambana kile kipimajoto kwapani. Kilipolia akakitazama, akakigeuza kwangu ingawa anajua naona kwa shida.

"Thelathini na nane nukta saba. Bibi, mtoto wa umri huu ikifika thelathini na saba na nusu tu mimi nakimbia. Hawa wachanga hawana subira. Ananyonya?"

"Hanyonyi," Husna akasema kutoka mlangoni.

Veronika alikuwa ameshavunja kichupa cha dawa. Alimchoma sindano mbili, moja kila paja, na Asha alilia kilio chembamba kisichofika hata kwenye kona ya chumba. Kisha akakaa kuandika barua ya rufaa kwenda hospitali mjini, huku anauliza bila kuinua kichwa.

"Saa tatu ulimshika?"

"Nilimshika. Hakuwa na joto."

"Una hakika?"

"Mkono wangu huo, Nesi."

Aliandika. Sijui aliandika nini, ila naamini aliandika uongo wangu kwa kalamu ya serikali. Hapo ndipo Husna aliposema, kwa sauti ile ile ndogo:

"Mie nilisikia joto tangu usiku."

Nikamgeukia kwa ukali. Hasira ya mwenye kosa ndiyo kali kuliko zote. "Sasa mbona hukusema?"

"Wewe ndiye unayejua, Mama. Nilisema labda nimekosea."

Gari la wagonjwa lilikuwa limempeleka mzazi mjini tangu alfajiri. Lori moja lilikuwa limesimama barabarani, limejaa magunia ya korosho kwenda ghalani, na Veronika alitoka mwenyewe akalizuia kwa mikono miwili. Husna akapanda mbele, kando ya dereva. Nilitaka kupanda. Husna akashika mlango, akasema, "Baki, Mama." Hakusema kwa ubaya. Akaufunga, lori likaondoka na vumbi lake.

Nikarudi kwenye kiti changu. Nifanye nini kingine? Watu walikuwa wananipa pole. Bibi maskini, mjukuu wake, na bado karudi kutuhudumia, ona moyo wake. Kila pole iliniingia kama mwiba. Nikamwomba Mungu amponye Asha, nikamwahidi vitu vingi, kama watu wanavyoahidi.

Aliyefuata mbele yangu alikuwa Rozalia, mke wa mwalimu wa shule ya msingi, mgeni mwenye mwaka mmoja tu kwetu. Alikuwa na mwanawe wa miaka miwili, amemfunga vitambaa vitatu pamoja na jua lote lile. Akamkalisha mapajani kwangu.

"Mshike, Bibi."

Mkono wangu ukapanda wenyewe kwa mazoea. Ulipofika karibu na lile paji nikaona siwezi. Si kwamba nilikuwa mwema ghafla. Nilikuwa nimechoka tu. Nilichoka kufumba macho nikisikiliza ubao, nilichoka kuwauliza wanawake maswali ya ujanja, nilichoka kusifiwa.

"Siwezi kumshika," nikasema.

"Bibi na utani wako," Rozalia akacheka.

"Si utani. Mkono wangu hausikii joto. Korosho zimeuua."

Alinitazama kama hajaelewa Kiswahili. Ikabidi nirudie, na mara ya pili nilisimama nikasema kwa sauti, maana kama ni kuvuliwa nguo heri ujivue mwenyewe. Nikawaambia tangu asubuhi mkono huu haujasikia joto la mtoto hata mmoja. Nikawaambia walioko nyuma si kwamba hawana homa, ni kwamba mimi sijui. Nikawaonyesha viganja.

Baraza zima likalipuka.

"Na wangu je, wa Ijumaa?"

"Mie umenirudisha nyumbani mara mbili, Bi Mwanakombo! Mara mbili!"

"Huyu anataka kutuulia watoto!"

Veronika alitoka chumbani na kipimajoto mkononi. Alikuwa amesikia. Nilidhani atanifukuza, na ningeona nafuu. Alipita karibu yangu na kuanza na benchi la nyuma, mtoto mmoja baada ya mwingine, kwapani, anangoja kilie, anasoma, anakifuta kwa pamba, anaendelea. Watoto kumi na wanne. Ilichukua muda mrefu sana. Wanne wa benchi la nyuma walikuwa na homa, mmoja wao thelathini na tisa na nukta nne, binti wa mwanamke mnyamavu kama Husna, amelala kwenye paja la mama yake na mama anamshukuru Mungu kwamba amepata usingizi. Kwenye benchi la mbele wawili hawakuwa na chochote. Mtoto wa Rozalia alipofunguliwa vitambaa vyake na kukaa kivulini akatoka thelathini na sita nukta nane, mzima, anataka kukimbia.

Alipomaliza kuwatibu wale wanne, Veronika akakaa kwenye ngazi ya baraza, karibu na miguu yangu. Jasho lilikuwa limemlowanisha mgongo wote.

"Kosa ni langu pia," akasema. "Mimi ndiye niliyekuweka hapa. Nilitaka mtu wa kunisaidia nikaacha kuuliza."

"Nifukuze, Nesi."

"Nikikufukuza nabaki na nani?" Akanitolea kile kipimajoto mfukoni, akaniwekea mkononi, akanifunga vidole juu yake kwa sababu aliona sikukishika sawasawa. "Sikiliza, Bibi. Kwapani, mkono ubanwe, ungoje kilie. Aliyetoka juani au aliyefungwa manguo, mfungue kwanza akae robo saa. Mwili mzima uko kwenye thelathini na sita na nusu, thelathini na saba na kidogo. Asubuhi unashuka, alasiri unapanda kidogo, hiyo si homa. Kikifika thelathini na saba na nusu, niite. Na mchanga akishuka chini ya thelathini na tano na nusu, niite kwa kukimbia, maana wachanga wengine ugonjwa huwapoza badala ya kuwachoma. Namba unazijua?"

"Namba najua. Nilisoma ngumbaru ukubwani."

"Haya. Na kitu cha pili. Mama akisema mwanangu ana joto, mwamini, hata kama kipimajoto kimesema hana. Mwandike, arudi jioni tumpime tena."

Nilikaa na kile kidude hadi saa tisa. Wanawake waliniletea watoto bila kuniangalia usoni. Hakuna aliyeniita Daktari. Nilisoma namba nikikisogeza mbali na macho, nikaitamka kwa sauti, na mama mtu akachungulia mwenyewe kuhakikisha. Walikuwa na haki.

Husna alipiga siku ya tatu, kwa simu ya kuazima. Wamempima, wamemkuta na maambukizi kwenye damu, anachomwa sindano asubuhi na jioni. Nikauliza ananyonya. Akasema, "Leo alfajiri kanyonya kidogo, Mama." Nikakaa chini pale pale uwanjani na simu sikioni, nikalia mpaka salio likakatika, sijui la nani.

Walirudi baada ya siku tisa, Nassoro amekwenda kuwachukua. Mtoto amekonda, macho makubwa, lakini anashika titi kwa nguvu ya kuumiza. Husna alinisalimu kwa heshima kama siku zote. Hakunilaumu, wala mume wake hakusikia neno kutoka kwake, habari alizipata barabarani. Ila jioni ile nilimwona anamwekea mtoto mkono wake mwenyewe kwenye paji, kisha kifuani, kisha nyayo, anatulia, anasikiliza. Alipoona namtazama hakuuondoa. Nilifurahi na niliumia, vyote viwili, na sikujua nianze na kipi.

Watu wa kitongoji walikasirika wiki moja, mbili. Kisha mvua zikaanza, na mvua ina kazi zake. Wengine walianza kunisalimu tena. Nikadhani nimeshalipa, limekwisha. Mtu mzima na akili zangu nilidhani hivyo.

Siku moja baada ya alasiri, nikiwa nachambua kisamvu uwanjani, akaja Zuhura. Zuhura anakaa ng'ambo ya shamba la mihogo, nyumba ya bati jipya. Haji zahanati siku hizi kwa sababu hana wa kumpeleka. Mwanawe mmoja tu, Fadhili, alifariki mwezi wa Ramadhani uliopita akiwa na miaka miwili, kwa malaria. Nilikwenda msibani, nikalala siku tatu, nikapika na wenzangu.

"Shikamoo, Bi Mwanakombo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa."

Hakukaa.

"Nimesikia ulivyosema kule zahanati."

"Nilisema."

"Tangu lini mkono hausikii?"

Ningeweza kusema tangu mwaka huu. Ulimi ulishaanza kulitengeneza lile neno. "Tangu msimu wa mwaka juzi," nikasema.

Akatazama chini. Nilimwona akihesabu miezi, midomo yake ikicheza, na nikamwacha amalize kuhesabu.

"Fadhili ulimshika."

"Nilimshika."

"Ulisikia nini?"

"Sikusikia kitu."

"Ukasema hajambo."

"Nilisema."

Hakulia. Akaongea taratibu, kama mtu anayenielekeza njia.

"Asubuhi ile nilikuwa nimeshamfunga mgongoni. Nilikuwa na kadi yake ya kliniki mkononi. Nilishafika barabarani naenda zahanati, Bi Mwanakombo. Nilishafika barabarani. Kisha nikasema, ngoja nipitie kwako kwanza."

Nikainuka nikamsogezea kigoda. Akakitazama, akanitazama mikono, kisha akageuka akaondoka kwa njia ile ya mihogo aliyokuja nayo.